Skrubu za Jeneza

Fundi wa majeneza wa Wakristo wa Ng'ambo hupiga randa huku akiimba tenzi kwa sauti ya puani, na vidole vyake vimeganda gundi tangu nimjue. Hatumii misumari, hutumia skrubu tu. Nilimcheka kwa hilo, mimi niliyerudi kutoka chuoni nikihubiri kwamba ahadi ya mbinguni huwanyamazisha maskini. Jana alilifunga jeneza la mama yangu. Alikaza kila skrubu, kisha akailegeza kidogo.

"Kaza, mzee, kifuniko kisije kikafunguka!"

"Leo hakifunguki, mwanangu. Lakini siku atakayoitwa, sitaki aseme mimi ndiye niliyemchelewesha."

Nikamwomba bisibisi. Skrubu ya mwisho niliilegeza mwenyewe.