Kiti Msibani

Mama mdogo alinilea tangu nikiwa darasa la pili, mama yangu alipofariki. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nilimkosea ndugu wa mbali. Kila nilicho nacho, pamoja na cheti nilichosomea Uholanzi, kimepita mikononi mwake kule Kisesa.

Uholanzi nilikaa miaka miwili na nusu, nikisomea mambo ya maji na samaki. Nilipanga chumba cha juu kwa bibi mmoja mzee. Mume wake alipofariki nilifanya nilichokijua: nilijifunga kitenge, nikashuka, nikaketi sebuleni kwake bila kusema neno. Kwetu msibani hauendi kuhutubia, unaenda kukaa. Nikaosha vikombe, nikafagia, nikarudi kukaa. Baada ya kama saa mbili bibi alisimama, akafungua mlango, akaniambia kwa upole kwamba anashukuru ila angependa kuwa peke yake, na siku nyingine nipige simu kwanza.

Nililia kuliko yeye. Wenzangu chuoni wakanieleza kwamba pale majonzi ni ya mtu mwenyewe, huyaingilii mpaka ukaribishwe. Unaandika kadi, unasubiri. Nikaandika, nikasubiri wiki mbili, na kweli bibi akanialika kahawa saa tisa kamili, akanisimulia habari za mumewe mpaka kahawa ikapoa. Nikaona kumbe kuna heshima humo. Ipo, siwezi kusema uongo. Shida ni kwamba niliipenda mno. Nilirudi Mwanza nikiwa bingwa wa kutosumbua watu, na ndugu waliokuja kunibishia hodi Jumapili bila taarifa niliwanunia waziwazi.

Baba mdogo, mume wa mama mdogo, alifariki Jumanne asubuhi. Simu ilinikuta kazini Kirumba. Kisesa ni nje kidogo tu ya mji, si safari ya kusema unajiandaa. Lakini mimi, msomi, nilikaa nikafikiri kwa makini, kisha nikaandika ujumbe: pole sana mama, najua unahitaji utulivu, ukiwa tayari niambie nije. Niliusoma tena na tena, nikaridhika nao, Mungu anisamehe. Jumatano nikaenda kazini kama kawaida. Hakujibu, nami nikadhani anapumzika.

Alhamisi, siku ya mazishi, nilifika saa nne nikiwa na gauni jeusi nililonunua hukohuko Ulaya. Wanawake walikuwa wamelala pale siku mbili, macho mekundu, sauti zimewakauka. Binti zake mama mdogo, niliolala nao kitanda kimoja utoto mzima, walikuwa nyuma ya nyumba wakimenya viazi. Nikajifunga khanga juu ya gauni, nikachukua kisu. Mkubwa wao akakitoa mkononi mwangu, taratibu kabisa.

"Acha tu dada, utachafuka."

Nikaingia ndani. Mama mdogo alikuwa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, wanawake wamemzunguka. Nikapiga magoti.

"Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba."

Nilitamani anitukane mbele ya wote. Nilikuwa namjua: akishamaliza kufoka huwa amesamehe, na jioni mnakula sahani moja. Hakufoka. Nikaanza kusogea ili nikae naye mkekani, nimshike mkono.

"Hapana, hapana," akasema, akawaita binti zake kutoka nyuma ya nyumba. "Mleteeni mgeni kiti. Na soda."

Hakuna aliyecheka, maana hakuwa anatania. Kikaletwa kiti cha plastiki, kikafutwa vumbi, kikawekwa karibu na mlango.

"Tunashukuru umefika," aliniambia, kwa sauti ileile anayowapokelea viongozi wa kijiji. "Utusamehe kwa hizi kelele."

Nina hasira hadi leo, na sijui niipeleke wapi. Yule bibi hakunikosea. Wenzangu chuoni hawakunituma nikayafanye haya kwa mama yangu. Nilijituma mwenyewe, na nilijiona mstaarabu.

Nilikaa kwenye kile kiti, magoti yangu yakiwa usawa wa vichwa vya watu wa nyumbani kwetu. Soda ilikuwa ya moto. Niliinywa yote, kwa sababu mgeni akipewa hakatai.