Kipande Kilichokatwa

Juzi binti yangu alikuwa akitazama filamu ya zamani ya Kihindi kwenye simu, nikaitambua kwa wimbo wake. Niliiona mara ya kwanza nikiwa mtoto, mtaani kwetu Nyamirambo, katika chumba cha video cha baba mdogo Yusufu, alasiri moja iliyonuka sambusa na moshi wa jenereta.

Wakubwa wa serikali walikuwa wamemwamuru aondoe kipande ambamo askari wanamuua kijana wa kijijini, naye akakiondoa. Kwa hiyo tulimwona kijana akicheka mlangoni, kisha ghafla mama yake akilia peke yake jikoni. Nilidhani ni moshi wa kuni unaomliza.

Baba mdogo, ambaye kila mara alitutafsiria, akasimamisha mkanda.

“Hapa iko kipande wamekata,” alisema. “Askari wameua huyu kijana. Mama yake ameona.”

Mwanamume aliyekaa nyuma akainuka na kutoka, nami nikafurahi kupata kiti chake.

“Yusufu, kwa nini umesema?” jirani yetu, Mama Hadija, alinong'ona.

“Wamekuja kuona filamu yote,” alijibu, akawasha mkanda.

Askari walikuja kumchukua filamu ikiwa bado inaendelea. Aliniambia nibaki niitazame mpaka mwisho. Nikabaki, nikisikia Kihindi nisichokielewa, nikimngoja arudi atutafsirie. Hakurudi. Baba alizunguka ofisi zote akimuulizia, mpaka akakatazwa kuuliza, na hadi leo hatujaonyeshwa hata kaburi.