Tangawizi Iliyooza Mikononi mwa Baba Mdogo

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo bado naiona kama ya jana. Ukungu ulikuwa umekifunika kijiji chetu cha Mhezi tangu alfajiri, na baba yangu alikuwa amesimama mbele ya vichanja akinusa kipande cha tangawizi. Alikivunja, akakitupa chini, kisha akamwita mdogo wake, Anaeli, kwa sauti ambayo hatukuwa tumeizoea nyumbani.

Ngoja nikueleze kwanza kazi yenyewe ilivyokuwa. Baba na baba mdogo Anaeli walikuwa wamechoka kuwauzia walanguzi tangawizi mbichi kwa bei ya kutupa. Wakaamua kuikausha wenyewe. Tuliinunua kwa majirani, tukaiosha, tukaikata vipande vyembamba, tukaianika kwenye vichanja vya wavu nyuma ya nyumba. Ikikauka inafungwa kwenye magunia na kuteremshwa mjini Same kwa mnunuzi. Mama na shangazi walikuwa wa kuosha. Mimi, msichana niliyekuwa nimetoka tu kumaliza shule, nilikuwa wa mashine ya kukatia, ile ya kuzungusha kwa mkono. Baba mdogo alianika. Baba alishughulika na kununua na kusafirisha.

Nilikuwa na mikono myepesi, nadhani hata sasa unaona ninavyomenya viazi. Baba alipenda kunionyesha kwa wageni. "Mwoneni Nakundwa," angesema, "ndoo haijashushwa chini, tayari ameimaliza." Nami kadiri nilivyosifiwa ndivyo nilivyozidi kukaza mwendo. Vipande vibichi vikarundikana juu ya turubai kando ya vichanja. Baba mdogo alikuwa akiondoa vilivyokauka, anageuza vingine, anatafuta nafasi ya kuanika vipya, na kila akiinua macho anakuta nimemletea ndoo nyingine. Hakuwahi kuniambia nipunguze. Mimi nami sikuwahi kumuuliza kama ananimudu. Nilikuwa naitazama kazi yangu tu, na kazi yangu ilikuwa inakwenda vizuri.

Tangawizi ikaanza kuota kuvu. Mnunuzi wa Same akairudisha, akasema akiletewa tena ya namna ile asitafutwe. Ndiyo maana asubuhi ile baba aliamka na hasira.

"Anaeli, hivi hapa unafanya nini mchana kutwa?"

"Naanika, kaka. Nageuza kila mara."

"Ungekuwa unageuza, hii ingeoza? Wenzako wote wanamaliza kazi zao. Mtazame Nakundwa! Ni hapa kwako tu ndipo kila kitu kinakwama."

Baba mdogo akanitazama. Hakunitazama kwa chuki. Alikuwa kama mtu anayetafuta wa kumsemea neno. Mimi nikainamisha kichwa, na ndani yangu, Mungu anirehemu, nilifurahi kidogo kwa kuwa nimetajwa.

"Sijui nikuambie nini, kaka," akasema. "Mimi najitahidi."

"Kama huku ndiko kujitahidi, basi kajitahidi kwingine."

Hakubishana. Alinawa mikono, akachukua koti lake, akaenda kwake. Wiki ile ile alimchukua mkewe na mtoto wao mchanga, wakateremka mpaka Jipe, alikokuwa na rafiki aliyemkaribisha kulima kando ya ziwa. Alipokuja kumuaga Bibi, mama yao, baba alikuwa shambani. Nadhani alikwenda shambani makusudi.

Nafasi yake akapewa binamu yetu Mbonea, mtu wa nguvu ambaye hata kanisani walimwita kila palipokuwa na mzigo wa kubeba. Tukasema sasa mambo yatanyooka. Hayakunyooka. Mbonea aligeuza mpaka viganja vikababuka, na tangawizi ikazidi kuoza vile vile. Baba akaanza kumfokea na yeye.

Jumapili moja, baada ya ibada, Bibi alikuwa ameketi barazani akingoja chai. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akamwita baba, akamuuliza, "Anaeli yuko wapi?"

"Si yuko Jipe, mama. Unajua."

"Na kuoza ameondoka nako?"

Baba akavuta kigoda, akaketi.

"Uliniambia yeye ndiye anayeiozesha. Haya, ameondoka. Ingekuwa ni yeye, si ungekuwa umepona? Sasa utamfukuza na huyu, kisha mwingine, mpaka ubaki unageuza na mimi?"

Shangazi alicheka, lakini Bibi hakucheka. Baba alikaa na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa.

Kesho yake hakwenda kununua. Alikichukua kikapu kimoja cha tangawizi na kukifuata tangu kinapowekwa chini mpaka mwisho. Alisimama penye maji akatazama. Akasimama kwangu. Kisha akasimama kwenye vichanja karibu siku nzima, na alichokiona pale kilikuwa wazi kiasi cha kutia aibu. Vichanja vyote vilikuwa vimejaa kabla hata ukungu haujainuka. Jua lilipotoka halikukaa. Kipande kilichoanikwa leo kesho hakijakauka, na mimi kesho hiyo nakata vingine vingi vya kutosha kuvijaza vichanja upya. Vile vya juu ya turubai vilikuwa vinaoza kabla havijapata hata pa kulala. Hata angeletwa malaika aanike pale, tangawizi ingeoza.

Akaja kwangu, akaushika mpini wa mashine ukasimama.

"Acha, Nakundwa."

"Nimekosa nini, baba?"

"Hujakosa wewe. Nimekosa mimi niliyekuwa nakusifu."

Tangu siku ile tulikata kwa kadiri ya nafasi iliyopatikana kwenye vichanja, basi. Niliona vibaya sana kukaa bila kazi asubuhi nzima, nikajiona mvivu, lakini kuvu ilipungua mara moja. Tangawizi yenye dosari tukaichagua na kuitoa kabla haijaanikwa, ili isichukue nafasi ya nzuri. Muda uliobaki mimi na mama tukamsaidia Mbonea kugeuza. Hayo yote hayakututoa senti mfukoni. Baadaye ndipo baba akasema, kama tatizo ni jua, jua lipo tele kule chini. Akakodi uwanja nje kidogo ya mji wa Same kwa mama mmoja mfanyabiashara, akajenga vichanja vingine. Unalijua jua la Same na ule upepo wake mkavu. Tangawizi iliyotusumbua huku juu, kule ilikauka ungedhani imepitishwa jikoni. Kisha gari la kuteremshia tangawizi huko Same likawa ndilo tunalolisubiri, na baba hakumwita dereva mzembe. Alipanda garini, akakaa naye, akamuuliza kinachomchelewesha.

Kazi ikasimama vizuri. Ada za wadogo zangu na nyumba hii ya bati vimetoka humo. Lakini baba alikuwa hafurahi, na siku moja akaniambia tujiandae, tunakwenda Jipe.

Baba mdogo alitupokea vizuri mno. "Shikamoo, kaka," akasema, akampokea baba mfuko, mkewe akatupikia samaki na ugali. Tulipomaliza kula baba akasema, "Anaeli, nilikuonea. Haikuwa wewe."

"Nilisikia," akajibu. Akawa anatoa miiba iliyobaki kwenye sahani. "Unajua kilichoniumiza, kaka? Siyo kufukuzwa. Ni kwamba mimi mwenyewe niliamini ni mimi. Nimelala na jambo hilo muda mrefu sana."

Baba akamwomba arudi. Baba mdogo akasema watoto wameshazoea ziwani. Alisema kwa upole, hata akatufungia samaki wa kumpelekea Bibi. Alikuja kwenye harusi yangu, alikuja kwenye misiba, akakaa pamoja na wageni, na kabla ya giza alikuwa ameshashika njia. Mimi nilikuwa na langu la kumwambia, kwamba ndoo zile zilizomlemea zilikuwa zangu. Niliona haya siku ile, nikajiambia ipo siku nyingine. Sasa yeye na baba wote wamekwenda, na neno langu bado ninalo.

Mwanangu, juzi kwenye simu uliniambia pale kiwandani kwako kijana wa kufungasha ni mzito, na kwamba mwisho wa mwezi utamwondoa. Mimi simjui. Huenda ni mvivu kweli, wavivu wapo. Ila kabla hujamwambia neno, simama hapo kwake siku nzima ukiwa umefunga mdomo. Tazama ni kitu gani kinamngoja nani. Kazi ikirundikana mbele ya mtu, lile rundo linakuonyesha mahali tu, halijakuambia sababu. Jiulize, akiondoka yeye, rundo litaondoka? Kama huna hakika, bado hujajua kinachokusumbua. Na ukishapajua mahali palipobana, pasaidie hapo kwanza kwa ulichonacho, na hao wenye mikono myepesi waambie wangoje, hata kama wataona wanaonewa. Usimsifu mtu kwa kumrundikia mwenzake. Na ikitokea umeshamwonea mtu, nenda kwake upesi, kwa maana hujui ni siku ngapi analala akijilaumu kwa kosa lisilo lake.

Mungu akupe macho ya kuona kabla ya mdomo wa kusema. Wanaofanya kazi chini yako waende makwao jioni mioyo yao ikiwa mizima, na ndugu zako wasikukimbie kamwe. Amina, mwanangu.