Matundu ya Chini ya Mlango

Ukimpelekea Fundi Tuliza gari ambalo milango yake inalia kila spika zinapopiga, hakimbilii bisibisi. Kwanza atakuomba uzime injini. Kisha atafunga vioo, ataweka wimbo wenye besi nzito, atapiga goti kando ya mlango na kuuwekea kiganja kama daktari anayempapasa mtoto tumbo. Kiganja kitashuka polepole kutoka kwenye kitasa hadi kwenye mfuko wa kuwekea chupa, halafu kitasimama.

"Yuko hapa," atasema, utadhani kuna mtu amejificha mle ndani.

Mara nyingi "mtu" huyo huwa waya uliofunguka na kujigonga kwenye bati. Wakati mwingine ni fimbo nyembamba ya chuma inayovuta kufuli, au klipu ya plastiki iliyokatika kichwa na kuliacha kava likicheza. Tuliza hulibandua kava zima, huufunga waya kwa utepe wa kitambaa, huvisha vyuma sponji, hubandika shiti za lami kwenye bati ili liwe zito, kisha hurudisha kava kwa klipu mpya. Wateja wake wanaujua msemo wake kwa moyo: "Spika haina kosa, bwana. Anayepiga domo ni mlango." Jina la Tuliza lilitokana na kazi hiyo, likamganda hata mkewe akaanza kumwita hivyo.

Anayeziona kazi zake anaweza kudhani alizaliwa na mikono ile. Sivyo. Alipewa na mjomba wake.

Mjomba huyo, kaka wa mama yake, alikuwa fundi wa viti vya magari. Alishona ngozi na vitambaa kwa miaka thelathini kwenye kibanda cha mabati chenye cherehani mbili na harufu ya gundi isiyokwisha. Tuliza aliposhindwa mtihani wa mwisho na kujifungia chumbani wiki nzima, Mjomba ndiye aliyekwenda kugonga mlango. Hakumhubiria. Alimwambia tu, "Mpwa, nina kiti cha basi kinanisumbua, njoo unishikie." Akamshikia kiti kile, na kingine, na kingine, mpaka ikapita miaka sita. Hapo ndipo alipofunzwa kulitoa kava bila kulivunja, kupanga skrubu kwa mpangilio zilivyotoka, na kuacha kuvuta kitu kinapokataa. "Kikikataa," Mjomba alikuwa akimwambia, "kuna skrubu hujaiona."

Alipofungua gereji yake ya muziki wa magari, mtaa wa pili tu kutoka kwenye kibanda cha viti, Mjomba alikuja kila siku saa kumi jioni. Aliegesha gari lake mlangoni, jeupe la zamani lililokwisha kugeuka rangi ya maziwa yaliyolala, akaketi juu ya tairi na kusikiliza taarifa ya habari kwa mlango wazi. Milango ya gari lile ilikuwa imelegea kiasi kwamba msomaji wa habari alisikika kama anasoma huku anatafuna karanga.

"Mjomba, huyo bwana wamlipe na meno mapya," Tuliza alimtania.

"Mwache ale. Kazi ya kutangaza vita inatia njaa."

Ndipo Tuliza alipoamua kumpa zawadi. Alitaka kumtengenezea milango yote minne kwa namna ambayo hajapata kumtengenezea mtu yeyote. Wateja wengine walilipia spika mbili za mbele na wakaridhika. Mjomba angepata kila kitu, hadi nyuma, na vifaa bora kabisa. Kazi ilichukua siku mbili, na siku ya pili gereji ilijaa wateja na majirani waliokuja kutazama. Tuliza alifanya kazi huku anaeleza, sauti juu, kama mwalimu aliyetembelewa na mkaguzi. Alijisikia vizuri sana siku ile, na hilo ndilo linalomuuma zaidi anapolikumbuka.

Kava zilirudi. Besi ikapigwa. Kimya kizuri, isipokuwa kisauti kimoja chembamba kwenye ukingo wa chini, kama mtu anayepuliza kwenye mdomo wa chupa. Mteja wa kawaida asingekisikia, na kama angekisikia, asingejali. Lakini hii ilikuwa kazi ya Mjomba. Tuliza alilala chali chini ya mlango na kumulika kwa tochi. Akaona vitundu vitatu vidogo, kila kimoja kama ukucha, kwenye ukunjo wa bati. Kazi zake zote za awali ziliishia juu ya hapo. Hakuwahi kuwa na sababu ya kuvitazama. Akaomba mrija wa silikoni ya kuzibia.

Mjomba alikuwa amesimama nyuma yake, miwani mkononi.

"Hivyo vitundu, mpwa, viache. Waliovitoboa hawakuwa na wazimu."

Tuliza hakugeuka. Watu walikuwa wanatazama, mrija ulikuwa tayari mkononi, na kichwa kilikuwa kimemvimba kidogo.

"Mjomba, wewe baki na viti vyako. Milango tuachie wenyewe."

Watu walicheka. Mmoja alijipiga paja kabisa. Mjomba naye alicheka, lakini alichelewa kidogo, kama mtu aliyesubiri kutafsiriwa. Tuliza akaviziba vitundu vyote vya milango yote minne, akasawazisha silikoni kwa kidole gumba, na jioni ile msomaji wa habari alisoma bila kutafuna chochote. Mjomba alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Umenifanyia jambo kubwa, baba," alisema.

Kisha mvua zikaja.

Mwezi wa kwanza wa mvua, Mjomba alifika gereji mara chache. Mwezi wa pili hakufika kabisa. Akipigiwa simu alisema magoti yanamsumbua. Msimu mwingine wa mvua ulipopita, habari zikamfikia Tuliza kupitia kwa watu: mzee ameuza gari. Amemwuzia mnunuzi wa magari chakavu, tena kwa haraka, bila hata kumtajia mpwa wake.

Hilo lilimkata maini. Zawadi aliyoilalia chini kwa siku mbili imetupwa kwenye vyuma! Alimweleza mkewe akiwa amevimba. "Unajua shida ni nini? Hakupenda nimpite. Mwalimu hapendi kuona mwanafunzi anampita."

"Kamuulize," mkewe alisema.

"Nimuulize nini? Yeye ndiye mkubwa. Angetaka, angeniambia."

Hakwenda. Aliendelea kupiga simu sikukuu na sikukuu, akauliza "Mjomba, hujambo?" akajibiwa "Sijambo," na kila mmoja akakata simu akidhani ametimiza wajibu. Mwaka na miezi kadhaa ikapita hivyo.

Ukweli ulimfuata kazini, tena mchana kweupe. Jirani yake, fundi bodi aliyenyoosha magari yaliyogongwa, alikuwa ametoka kununua mlango kwa mnunuzi wa vyuma ili autumie kwenye gari la mteja. Akauburuta hadi katikati ya njia na kuuangusha kwa kishindo.

"Njooni mtazame maajabu! Juu mzima, chini umeoza kama jino. Nimeununua bila kuugeuza. Na tazameni: kuna mjinga ameyaziba matundu ya kutolea maji. Ameyaziba yote, tena kwa silikoni ya bei!"

Muuza vipuri wa ng'ambo ya pili alisogea. "Matundu ya nini?"

"Maji ya mvua hupitia pembeni ya kioo, kaka, huingia mlangoni na kutokea chini. Ndiyo njia yake. Ukiziba, umejitengenezea ndoo. Kama aliziba na mingine, mwenye gari alikuwa anaendesha ndoo nne!"

Watu walivunjika mbavu. Tuliza alikuwa amekwisha kuinama juu ya mlango ule. Bati la chini lilikuwa limeliwa hadi kuwa kama biskuti iliyochovywa. Shiti za lami zilikuwa zimebanduka na kujikunja. Lakini utepe wa kitambaa ulikuwa bado umezungushwa kwenye fimbo ya kufuli, mizunguko iliyobanana, ncha imekunjwa ndani. Hakuna fundi mwingine aliyekunja ncha namna ile. Na juu ya silikoni, wazi kama muhuri, palikuwa na alama ya kidole gumba.

"Eti Tuliza, wewe ndiye mtaalamu," fundi bodi alisema. "Huyu tumwite nani?"

Naye Tuliza, kwa kuwa wote walikuwa wanacheka, akacheka.

Akarudi gerejini, akaketi, akashindwa kushika hata bisibisi. Mteja aliyekuwa anasubiri aliambiwa arudi kesho. Saa tisa alifunga na kuendesha hadi nyumbani kwa Mjomba.

Mke wa Mjomba ndiye aliyefungua. Alimtazama kidogo kabla ya kuitikia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Umepotea mpaka tumesahau unakunywa chai ya namna gani."

"Nimekuja, Mama. Mjomba yupo?"

"Aende wapi?" Alishusha sauti. "Ukiingia, jitaje jina. Macho yamemwisha."

Tuliza alisimama mlangoni kama aliyepigwa na ubao. "Tangu lini?"

"Yalianza kufifia mvua za mwaka huu zilipokwisha. Daktari anasema hayatarudi. Anaona mwanga na vivuli tu. Tulitaka kukwambia. Akasema usisumbuliwe, una kazi."

Mjomba alikuwa sebuleni, kwenye kiti alichokishona mwenyewe, redio ndogo pembeni. Tuliza alijitaja. Uso wa mzee ulichangamka mara moja, bila kinyongo, na uchangamfu ule ulimuumiza kuliko ambavyo angeumizwa na tusi.

Alipiga moyo konde. "Mjomba, leo nimeuona mlango wa gari lako."

Mzee alinyoosha mkono akaizima redio. "Uko wapi?"

"Kwa fundi bodi. Umeoza. Ni mimi niliyeziba matundu. Uliniambia niyaache."

"Nilikuambia."

"Kwa nini hukuja, Mjomba? Mvua ya kwanza tu, ungekuja! Ningeyazibua kwa nusu saa."

"Nilianza kusikia maji kwenye kona. Nikikata kulia, chwaa. Nikikata kushoto, chwaa. Nikasema, haya, nimwendee kijana. Nikafika mpaka mwisho wa mtaa wako. Nikaona watu wamejaa pale, magari matano yamepanga foleni. Nikajiuliza, nikifika pale na mlango uliojaa maji, hawa watasema nini? Nikageuza."

"Ungeniita pembeni."

"Ningekuita. Lakini na mimi nilikuwa na langu." Alivuta pumzi. "Lile neno, mpwa. Kwamba nibaki na viti. Maji hayakuniuma kama lile. Nilisema, akija mwenyewe kunitazama, nitamwonyesha na tutacheka. Nikangoja uje."

Tuliza alivuta kigoda akaketi karibu naye.

"Nilijaribu kuzibua mwenyewe na sindano yangu ndefu ya viti," Mjomba aliendelea. "Lami ilikwisha kudondokea mle, ikakataa. Kwa fundi mwingine sikutaka kwenda. Angeniuliza ni kazi ya nani, nami uongo siuwezi. Chini kulipotoboka, nikaliuza."

"Na leo walipokuwa wanamcheka aliyefanya vile," Tuliza alisema, "nami nilicheka nao. Sikusema ni mimi."

"Hilo kalimalize wewe na jirani yako."

Mke wa Mjomba alileta chai na kuondoka. Nje watoto wa jirani walikuwa wanagombania mpira. Tuliza alipiga hesabu ambayo hakutaka kuipiga: gari liliuzwa mwaka mmoja kamili kabla ya macho kuanza kufifia. Mwaka mzima ambao mzee yule angeweza bado kushika usukani, kwenda kibandani kwake, kuegesha saa kumi jioni na kukalia tairi, alikaa nyumbani akisema magoti. Kitambaa unaweza kukifumua na kukishona upya. Mwaka ule ulikuwa umekwenda.

"Nitakutafutia gari jingine," alisema, akijua ni upuuzi kabla hajamaliza.

"Niliendeshe kwa masikio?" Mjomba alicheka, na safari hii hakuchelewa.

"Basi nitakuendesha mimi. Kila Jumamosi, popote unapotaka."

Mzee alikizungusha kikombe mikononi. "Kuendesha na kuendeshwa si kitu kimoja, baba." Akanywa funda moja. "Lakini Jumamosi njoo."

Ijumaa, Tuliza alivuka njia na kumwambia fundi bodi, mbele ya muuza vipuri, kwamba mjinga wa silikoni alikuwa yeye. Walidhani anatania. Ilibidi aweke kidole gumba chake juu ya ile alama ndipo wakaamini. Wiki nzima iliyofuata walimwita Fundi Ndoo, naye aliitika.

Jumamosi alimpakia Mjomba kiti cha mbele, akamfunga mkanda, akamuuliza waende wapi. "Popote penye kona nyingi," mzee alijibu. Waliondoka taratibu. Tuliza alieleza kilichopo njiani: duka limepakwa rangi, ukuta umebomolewa, lori limezima mteremkoni. Mjomba aliitikia, akauliza, akakosoa namna anavyobadilisha gia. Kisha wakaikaribia kona ya kwanza, na Tuliza akatupa jicho chini. Mguu wa kulia wa Mjomba ulikuwa umeinuka polepole ukakanyaga sakafu tupu, pale ambapo breki ingekuwa. Uliachia kona ilipokwisha. Kona iliyofuata ukakanyaga tena, kwa wakati ule ule hasa ambao dereva mzuri angekanyaga.

Tuliza alikanyaga breki yake pamoja naye.