Utepe wa Shomari

Fundi Twalibu wa Gongoni, Tabora, alikuwa na ubishi wa kutosha mtaa mzima, lakini mbele ya mtu anayelia alikuwa hana mfupa. Hilo ndilo lililomponza.

Mara baada ya Azimio la Arusha, bendi ya vijana wa mtaa wa Ng'ambo iliingia kwenye karakana yake ya redio, ikatundika mablanketi ukutani na kurekodi mchana kutwa. Kampuni moja ya Nairobi ikachagua nyimbo mbili, ikatoa santuri, nayo ikauzwa dukani kwa Badrudin mpaka ikaisha. Nyimbo zilizobaki hakuna aliyezitaka. Utepe wa nyimbo hizo ulikaa kwa Twalibu kwenye kopo la biskuti, na humo ndimo ulimokuwa wimbo pekee alioimba Shomari, mpiga gitaa. Kwenye santuri alipiga tu, hakufungua mdomo.

Shomari akafa, lori la pamba lilipopinduka wakitoka kupiga dansi Ziba. Ilipokaribia arobaini, mama yake, Bi Sikuzani, alimwendea Twalibu akilia: anaomba hitima ya mwanawe irekodiwe, apate kuisikia tena. Tepu mpya siku zile zilikuwa hazionekani, hata kwa Badrudin. Mwingine angesema sina, yakaisha. Twalibu akafungua kopo la biskuti, akajiambia kwamba wimbo uliokataliwa hauna mwenyewe, akarekodi hitima juu yake. Mtaa ukamsifu kwa kufuta dansi kwa kisomo, usijue dansi yenyewe ni ya nani. Sisi watu wa Tabora bwana, Jumamosi tunacheza, Ijumaa tunasifia kisomo! Alicheka nao, lakini moyoni alijiona mwizi.

Tena Bi Sikuzani hakuja kuisikiliza. Kila akikaribia karakana, miguu ilimkatalia. Twalibu naye hakuigusa.

Majuto ni mjukuu. Wakati watu wanahamishiwa vijijini, Badrudin alileta habari kwamba Nairobi watatoa santuri kubwa: zile nyimbo za zamani, pamoja na zilizobaki kwenye utepe wa Twalibu. Bi Sikuzani alizisikia habari hizo palepale dukani, akaja moja kwa moja karakana, kanga ikiburuzika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo nimeweza. Nimekuja kumsikia Shomari akiimba."

"Mama, ule utepe umeoza. Joto."

"Weka hivyohivyo. Hata akikwaruza, ni wangu."

Twalibu aliuweka. Mashehe wakaanza kusoma. Bi Sikuzani alisikiliza, akatambua kikohozi cha kaka yake.

"Si hitima yetu hii?"

"Ndiyo, mama."

"Na wimbo?"

"Ulikuwa humuhumu. Nilikosa tepu nyingine. Nimekudanganya, haujaoza. Nisamehe, mama."

"Mbona hukunambia siku ile?"

"Ulikuwa unalia."

Bi Sikuzani akakaa juu ya redio mbovu. "Basi nimemfuta mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyekuja kukuomba."

"Si wewe, mama. Mkono ni wangu."

Lakini maneno hayo hayakumwondolea mama kitu. Twalibu aibu yake alikuwa ameizoea, alilala nayo na kuamka nayo. Sasa alimwona mama wa watu anaibeba, na hilo lilimuuma kuliko yote. Mashine hakuizima. Wakakaa hivyo mpaka dua ikaisha na watu wakaitikia amina.

Hapo mashine ikalia *tak*. Hitima ilikuwa imeishia kabla utepe haujaisha. Likasikika gitaa, nyuzi za mwisho tu za wimbo, kisha kimya kidogo, kisha sauti ya kijana anayehema.

"Fundi, imeingia hiyo?"

Twalibu alifumba macho. Bi Sikuzani aliinuka, akaishika mashine kwa mikono miwili.

"Imeingia, baba," akajibu. Kisha akamgeukia Twalibu. "Rudisha."

Akarudisha, akarudisha tena, na kila Shomari alipomwita fundi, aliyeitika ni mama yake.