Mama Alipoanza Kuomba Chai kwa Wimbo

Kiharusi kilimpata Mama jikoni, akisonga ugali. Aliporudi kutoka hospitalini mkono wake wa kulia ulikuwa mzito, na maneno yalikuwa yamempotea yote. Sisi ni Wamaragoli. Mama aliletwa Kaloleni akiwa bibi harusi, akazeekea hapo katikati ya Wajaluo, akicheka na kugombana kwa Kijaluo kama mwenyeji. Sasa nilimsemesha kwa Kiswahili, jirani yetu akamjaribu kwa Kijaluo, naye akatutazama tu, machozi yakimlengalenga.

Jumapili ya tatu walikuja akina mama saba wa kanisa lake, wazee kama yeye, vitambaa vyeupe kichwani, wote watu wa kwetu Vihiga.

"Tumekuja kuabudu na mwenzetu," alisema kiongozi wao.

Nikamweleza kwamba Mama hawezi hata kusema ndiyo.

"Mtoto wangu, nani amekuuliza mambo ya kusema?"

Akaomba kwa kifupi, kisha akapiga ngoma.

Waliimba kwa Kimaragoli. Ubeti wa kwanza Mama alitikisa mguu tu. Kwenye kiitikio nikasikia sauti ya nane, nzito, ya kukwaruza. Kumbe ni yeye! Maneno yalimtoka moja baada ya jingine, hadi "Nyasaye". Jirani alikuwa mlangoni, haelewi kitu, lakini hilo alilijua, kwa kuwa Wajaluo nao humwita Mungu hivyo. Naye akalipaza pamoja nao mpaka kuku wakatawanyika. Mimi nililia bila aibu.

Daktari wa kliniki hakushangaa. Alisema wapo wagonjwa ambao wimbo huwarudia kabla ya maneno. "Mwache aimbe," aliniambia, "na hao wamama waendelee kuja."

Wakaja kila Jumapili. Siku moja asubuhi nikasikia wimbo ule ule kutoka chumbani, ila maneno yamebadilika. Mama alikuwa anaimba, kwa unyenyekevu wote wa ibada, kwamba chai imechelewa na binti yake ni mvivu. Nilicheka hadi nikaketi sakafuni.

Siku hizi anaongea, polepole. Anasema ni Mungu. Kliniki pia haikosi hata siku moja. Neno likimgomea, analiimba. Juzi sokoni alimwimbia muuza samaki kwamba mbuta wake ni wa jana. Muuzaji huyo aliangua kicheko, akamtolea mwingine chini ya meza.