Walimletea Samaki Awaue Kitabuni

Yaya wangu Zacharie, kaka yangu mkubwa, hakuweza hata kuchinja kuku. Siku ya Noeli mama alimpa kisu, na baadaye kisu kilirudi jikoni kikiwa kisafi, kuku bado anatembea uani. Lakini katika vitabu vyake yaya aliua nusu ya mtaa wetu wa Mangobo, na Mangobo ilimpenda kwa ajili hiyo.

Sisi ni watu wa maporomoko, ukoo wa wavuvi wanaofunga mitego mikubwa kwenye miti juu ya maji makali. Baba alitaka yaya apande miti ile kama kaka zake. Yeye aliogopa maji tangu utoto. Mapadri wakamfundisha kusoma, akawa dactylo, mpiga mashine katika ofisi ya kampuni moja ya pamba. Mwaka wa uhuru, mkubwa wake, mzungu, aliondoka na valizi moja ya nguo, akaacha mlango wazi, mashine ya kuandikia, na ronéo, ile mashine ya kuzungusha kwa mkono inayotoa kurasa nyingi. Kazi haikuwapo tena. Basi yaya akakaa mbele ya mashine akaanza kuandika kitu alichokijua vizuri, ndiyo woga.

Kitabu cha kwanza kilikuwa na kurasa ishirini tu. Mwanamke wa majini anafika mlangoni kwa mtu, anamwita kwa jina lake, kwa sauti ya mama yake mzazi. Ukiitika, kesho utakutwa ndani ya mtego. Timothée, rafiki aliyekuwa akipiga mashine naye meza moja na kuimba naye kwaya moja, alikata stencil, ile karatasi ya nta inayowekwa kwenye ronéo. Papa Hemedi, fundi cherehani wa karibu na soko, alishona kurasa kwa uzi mweusi. Watu walisoma kwa sauti barazani, na wasiojua kusoma walisikiliza, halafu hakuna aliyetaka kwenda msalani peke yake.

Kuna jambo moja la kwetu. Jina la mtu aliye hai halitajwi mbele ya maji bila ruhusa yake, maana maji yanasikia, na yakisikia yanamchukua. Donc, kwa kuwa vitabu vyake vilikuwa habari za maji, yaya, kabla ya kumpa maiti wa kitabu jina la mtu, alikwenda kwanza kumwomba. Papa Hemedi alikuwa wa kwanza kukubali, akaleta samaki, wakala pamoja, na mbele ya sahani akatamka jina lake kwa kinywa chake. Ikawa desturi. Ukitaka kufa kitabuni, unaleta samaki. Watu wakaanza kushindana. Mama Colette, muuza mihogo, alikuja siku moja amekasirika kweli.

"Hemedi ulimuvuta na miguu, page muzima," akasema. "Mimi ulinimaliza na mistari mbili. Samaki yangu ilikuwa ndogo?"

Yaya akamwahidi kwamba katika kitabu kinachofuata atakufa kuanzia Jumatatu hadi Jumapili.

Timothée alileta samaki aina ya capitaine, mkubwa kuliko wote. Aliomba auawe polepole ili watu walie. Yaya akamuua kuanzia ukurasa wa tisa, kurasa tatu nzima, na mtaa mzima ukalia, mke wa Timothée zaidi ya wote.

Mwaka wa sitini na nne, mwezi wa nane, waasi wakaingia mjini. Walitafuta watu waliokuwa wameshika kalamu ya Serikali, na Timothée alikuwa amepata kazi commune, ofisi ya mtaa, miaka miwili kabla. Yaya hakuwa na kazi hiyo. Tulikaa ndani tukisali rozari. Katika wiki zile watu wawili waliokuwa na majina yao kitabuni waliuawa, na neno likaanza kutembea kwamba anachoandika Zacharie kinatokea.

Walimchukua yaya Alhamisi asubuhi. Nilimfuata na chakula chake, kama dada anavyofanya. Katika ua wa nyumba waliyokaa, mkubwa wao alishika kitabu. Nilikitambua mara moja kwa doa la mafuta ya mawese kwenye jalada. Kilikuwa nakala ya Timothée mwenyewe, ya kitabu alichouawa ndani yake. Naye Timothée, waliyekuwa wakimtafuta, alikuwa pale, kwenye benchi yao, na kikombe cha kahawa mkononi.

Mkubwa hakupiga kelele. Alisema majina ni kumi na mawili, na wawili wamekwisha kufa. Kama yaya ni mchawi anayewasaidia adui, atapelekwa darajani leo, na sote tulijua wanaopelekwa darajani hawarudi. Yaya akaeleza habari ya samaki. Mkubwa akauliza ni mtu gani mwenye akili analeta samaki ili auawe.

"Muulize huyu," yaya akasema. "Iko page tisa."

Wote wakamgeukia Timothée. Neno moja lingetosha. Yeye alitazama ndani ya kikombe.

"Samaki gani? Mimi nilikata stencil tu. Jina yangu aliweka bila kuniuliza."

Yaya hakubishana. Alisema kwa sauti ndogo tu, "Timothée, bibi yako ndiye alikaanga."

Basi mkubwa akaamini kwamba kalamu ile inaua, naye akaitaka. Akampa yaya karatasi aandike majina ya wakubwa wa jeshi waliokuwa wanakuja kuukomboa mji. Akiandika, ataishi. Yaya akaichukua kalamu. Akaandika jina moja, akarudisha karatasi.

Aliandika Zacharie.

Bon, wale walikuwa watu wa dawa na miiko mingi. Hakuna aliyetaka kumgusa mtu aliyekwisha kujitoa kwa maji kwa kalamu ile ile. Wakasema maji yatamwita yenyewe, wakatusukuma nje. Ndivyo Mungu alivyomtoa kwao.

Yaya aliishi miaka mingi baadaye, akiuza mafuta ya mawese, na hakugusa mashine tena. Waliokuja na samaki aliwarudisha kwa upole. Mama Colette aliendelea kuuliza atakufa lini.

Timothée alikuja baada ya miaka mitatu, Jumapili, tumetoka Misa. Alishika capitaine katika majani.

"Yaya, uniue tena," akasema, akijaribu kucheka.

Yaya akaurudisha mkono wake kwa upole. "Peleka kwa watoto wako, Timothée. Mimi siandike tena."

Timothée aliacha samaki mezani, akaenda. Nikamwambia yaya tusamehe, Bwana alisema sabini mara saba. Akajibu, "Pika, kula." Nilipika. Yaya hakugusa, na mimi nililirudisha tonge la kwanza sahanini.

Katika nyumba ya wavuvi samaki hatupwi jalalani. Nilifunika sufuria nikaipeleka mtoni, nikamwaga yote majini. Halafu nikasimama pale, karibu na mitego ya baba, nikataja jina la Timothée kwa sauti, mara moja tu.

Nimeungama kwa mapadri wanne. Wote walinisamehe. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mtu wa maporomoko.